Nilipima Kitanda cha Lori kwa Mwili Wangu, Sasa Mume Wangu Ndiye Anayekilalia

Admin, naomba jina langu lisionekane hata herufi ya kwanza, maana mume wangu huisoma hii page akiwa kwa foleni ya mizani ya malori, na dada zake ndio hawabanduki hapa.

Mimi ni mama wa miaka 36, watoto wawili, tunaishi Theta. Nina kibanda Ruiru, nashona viti vya magari: matatu, pickup, lori, chochote chenye sponji. Kazi yangu naijua na sioni haya kujisifu. Kila nikimaliza kiti, naweka msalaba mdogo wa uzi mwekundu kwenye kona ya chini, mahali mteja hatazami. Ni alama yangu tangu nianze, na mume wangu hunitania kwamba nabatiza viti.

Mwaka jana mteja wangu mkubwa, mwenye malori, aliniita kwa yadi yake huko Thika. Alikuwa na malori matatu ya safari ndefu, yale yenye kitanda nyuma ya kiti cha dereva. Alitaka kitanda kifupishwe ili kando yake liingie sanduku la chuma la kubebea vifurushi. Nikamuuliza dereva atalala wapi. Akacheka. "Fundi, dereva sijamwandika kulala, nimemwandika kuendesha. Hebu panda ulale hapo tuone kama mtu atatosha."

Nikapanda. Mimi ni mfupi, futi tano nikiwa na viatu. Nikajinyoosha, nikatosha, hata nikamwambia pako sawa. Nikapiga chaki kwenye kisigino changu, fundi wa kuchomelea akakata fremu hapo hapo, mimi nikakata godoro. Kwa kawaida kiti cha dereva nampimia dereva mwenyewe. Siku hiyo hakukuwa na dereva hata mmoja yadi, na sikungoja, kwa sababu sikutaka kumuudhi mteja. Nilikata vitanda vyote vitatu kwa kipimo hicho kimoja.

Wakati huo mume wangu alikuwa anaendesha lori ya mawe kutoka machimbo ya Juja, jioni yuko nyumbani. Ni mrefu, mlango wetu anaingia akiinama. Machimbo yalipofungwa, ni mimi niliyeenda kumwombea kazi kwa yule tajiri mwenye malori. Vile vitanda nilivikumbuka vizuri, lakini nilijiambia yadi ina malori mengine. Siku chache baadaye akaingia na furaha: "Mama watoto, nimepewa gari! Ile ya kijani!" Ya kijani ndiyo niliyoanza nayo.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Walipokuwa wakiikunja miguu yao waume wa wengine, nililala usingizi wangu wote.

Safari ya kwanza ya Mombasa alirudi akicheka. "Hiyo kitanda ni ya mtoto wa nursery. Aki nikimpata huyo fundi, nitamlaza hapo wiki mzima na magoti kwa kidevu." Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Safari ya nne hakucheka. Aliniambia siku hizi analala akiwa ameketi, kichwa juu ya usukani, kwa sababu akifungua mlango atoe miguu, wezi wako hapo. Jumapili viatu vya kanisa vilikataa kuingia, miguu imevimba. Baada ya ibada tukapeleka watoto Kamakis kula nyama, mchana kweupe. Katikati ya maneno akaacha kutafuna. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona. Mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu kwa nguvu, mara mbili, mpaka meza ikatikisika. Binti yetu akamuuliza, "Dad, unashika breki ya nini?" Akashtuka, akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake.

Wiki iliyopita alikuwa akifunga kamba za viatu akasema, kama mtu anayesimulia mzaha, "Mama watoto, nilitoka Kibwezi, nikashtukia niko Emali. Makindu iko njiani, lakini sikuiona. Labda waliihamisha." Nikamuuliza ni nani aliyeendesha hapo katikati. Akaniangalia kidogo. "Hata mimi najiuliza."

Nilienda kwa tajiri, nikamwambia nitavirefusha vile vitanda bila malipo. Akasema sanduku halitoki, na kama dereva wa ile ya kijani amechoka, wako wengi wanaolilia hiyo gari. Kisha akaniambia niende wiki ijayo nikakate vya malori mengine mawili. "Tumia kipimo kile kile, fundi."

Leo ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Mume wangu amekuja na lile godoro begani, akaliweka kwenye kochi. "Wewe si fundi? Niongezee hata inchi sita tu, nitajua vile nitaliingiza." Kisha akaenda kulala. Nimeligeuza. Msalaba wangu mwekundu uko pale kwenye kona, haujafifia hata kidogo. Sijui kama ameuona. Kwa jinsi alivyoniangalia akitoka sebuleni, nashindwa kula.

Naweza kuung'oa uzi kabla hajaamka, ni kazi ya dakika moja. Naweza pia kumwambia ukweli, akanichukia, akaacha kazi, tukalala njaa tukiwa wote. Jumatatu asubuhi anatoka tena na ile ya kijani.

Nimetoka kumchungulia chumbani sasa hivi. Kitanda chetu nilikiagiza kwa seremala maalum kwa ajili ya urefu wake, na yuko peke yake juu yake. Amejikunja pembeni, magoti kifuani. Nimemtazama kutoka kichwani hadi kisigino, na kwa jicho la fundi sikosei: ni futi tano.

Mkasi uko mkononi. Wenye hekima humu ndani, niambieni kabla hajaamka: nikate huu uzi, ama nimwamshe?