Maji ya Ziwa Yaliyokataa Kushikana

Hata sasa nikipita Pap Onditi na mtu akanisalimia huku akicheka kidogo, najua anakumbuka siku nilipoizima kwaya nzima kwa glasi mbili za maji.

Marehemu mume wangu, Baba Achieng, alitunza maabara ya shule ya sekondari, na kabla hajaugua alinionyesha jambo ambalo mpaka leo sina maneno nalo: glasi mbili zimejaa mpaka ukingoni, zimegusana, anawasha stima kali ya mashine yake, anazitenganisha polepole, na maji yanabaki yameshikana hewani katikati kama kamba ya kioo, hayaanguki. Mama yake hakuamini. "Mama, siku moja nitakuletea uone," alimwambia, halafu akafa.

Basi siku ya ukumbusho wake nikataka Mama aone (macho yake yalikuwa yanaisha, sikuwa na mwaka mwingine wa kungoja). Okumu, aliyefanya kazi naye, akaja na mashine na chupa ya maji ya betri kutoka dukani Kondele, yale yaliyosafishwa mpaka hayana ladha. Nikaitazama ile chupa, nikaona haina chochote cha mume wangu. Ya nini maji ya dukani, na huyu mtu alizaliwa hapa ziwani, akaogeshwa maji haya haya, na ndiyo tuliyomwosha nayo mara ya mwisho? Okumu alipoenda kula nikachota ziwani, nikachuja kwa leso, nikajaza glasi. Sikumwambia.

Mama akaletwa mbele na kiti chake, kwaya ikiimba taratibu, na Okumu akawasha. Maji hayakushikana. Yalinguruma, yakatoa moshi, cheche ikaruka, glasi moja ikapasuka, na kwa vile tulitumia waya mmoja na vipaza sauti, jenereta ikakohoa ikazima, kwaya ikabaki midomo wazi, mchungaji akaonekana nyuma ya sufuria ya wali (mimi nilikuwa tayari chini ya meza, sikatai).

"Okumu, unataka kutuzika pamoja na marehemu?" mtu akauliza.

Okumu akanusa glasi iliyobaki. "Shemeji, haya ni maji gani?"

"Ya ziwa."

"Ya ziwa yana chumvi na matope, stima inapita ndani inayachemsha. Lazima yawe maji matupu kabisa. Kwani Baba Achieng hakukuambia?"

Alikuwa ameniambia, ila siku ile nilikuwa naangalia mikono yake.

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka, mpaka nikamwona Mama. Hakuwa amekimbia. Alikaa pale pale, nguo imelowa, mkono ameunyoosha mbele.

"Ni yeye?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ni mimi. Nimekosea maji."

"Hata yeye alikuwa akinivunjia glasi," akasema.

Mashine iliungua, na Mama sasa haoni kabisa. Nimeapa sitagusa tena kazi ya mtu kwa sababu tu namkumbuka. Chupa ya maji ya betri bado iko kwenye rafu, haijafunguliwa. Jioni zingine Mama huniambia nimweleze yale maji ya mwanawe yalikuwaje, nami hueleza, na kila mara najikuta nimeanza na mikono yake.