Jani la Sale Juu ya Friji

Jani la sale lilikaa juu ya friji yangu hapa Sekei miezi mitatu, limefungwa kwenye gazeti. Kaka yangu ndiye aliyelituma kutoka nyumbani Kilimanjaro. Kwetu Wachaga, ukiletewa sale umeombwa msamaha, na hukatai. Mimi sikukataa. Nilinyamaza tu, na nadhani hilo ni baya zaidi.

Mimi ni mwepesi wa hasira, sifichi. Baba alipofariki, kaka aling'oa masale ya mpaka kati ya shamba lake na langu, akasogeza migomba yake. Halafu ananitumia jani la masale yale yale aliyong'oa! Jamani.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na asili ya maneno ndiyo ugonjwa wangu. Badala ya kumjibu kaka nikaanza kulichimba neno. Kichaga ni isale. Kiswahili cha huku, sale. Tunaotesha mpakani, tunaotesha kaburini, tunashika mkononi tukiomba radhi. Nikajaza kurasa nne za daftari, nikajiona msomi kweli kweli.

Siku moja jirani yangu, mama wa Kimeru, akaja kuazima sufuria, akaliona jani. Nikamuuliza kwao linaitwaje. Akasema isale, hivyo hivyo. Nani alimpa mwenzake hilo neno, Wameru au sisi, hajui. Nikafungua daftari niandike. Akanishika mkono.

"Mwalimu, nani amekuomba msamaha?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Akasema tu kwamba aliyetuma isale hakai kwa amani mpaka ajibiwe. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Jioni ile nikapiga simu. Alipokea wifi. Akaniambia kaka, mzee wa kanisa mzima, hajasogelea meza ya Bwana tangu atume lile jani. Wenzake wakienda mbele, yeye anabaki benchi la nyuma, ameinama. Kisha akampa simu.

Nikamwamkia, shikamoo kaka. Hakuitikia. Akauliza kama nimelipokea. Nikaanza kubabaika, nikasema limeshakauka.

"Sijakuuliza kama limekauka."

Mpaka ulikuwa bado haujarudishwa, na hasira ilikuwa bado ipo, sidanganyi.

"Nimelipokea, kaka."

Halafu nikamsikia akimwambia wifi ampigie pasi koti la Jumapili.