Bi Verna Atafuta Mashine ya Risasi

Verna Lathrop alipotangaza kwenye kikao cha kilabu cha shabaha cha Pell Hollow kwamba bega lake la kulia limegoma, hakuwa anaomba ushauri. Alitaka tu waelewe kwa nini siku hizi anakuja na risasi chache. Lakini kwa wanaume wa kilabu kile, ilikuwa kama kurusha mfupa katikati ya mbwa.

Kwa miaka kumi na minane Bi Verna alijaza risasi zake mwenyewe, kwenye gereji, kwa mashine ya marehemu mumewe, Clyde. Ilikuwa mashine ya chuma, nzito kama nanga, yenye nafasi ya ganda moja tu. Ganda lililokwishatumika lilinyooshwa, likawekewa kitakoni fataki mpya, kile kidonge cha kuiwasha baruti, likatiwa baruti, kisha likakandamiziwa kichwa cha risasi mdomoni; na kila hatua ilikuwa kazi yake peke yake, ganda baada ya ganda. Jumamosi alipiga vibao vya chuma kwa bastola mpaka risasi mia mbili zikaisha. Jumapili alipiga kinanda kanisani. Siku zilizobaki alivuta wenzo, ule mkono wa mashine.

Watu walimwambia anunue risasi za dukani.

"Na pai nazo ninunue za dukani?" aliwajibu. Hakuna aliyerudia.

Alichohitaji ni mashine ya mfululizo. Hiyo ina sahani ya duara inayobeba maganda manne matano kwa pamoja. Ukivuta wenzo, sahani inazunguka, kila ganda linapata huduma yake kwa wakati mmoja, na risasi iliyokamilika inadondoka kwenye bakuli. Mvuto mmoja, risasi moja. Kazi ilikuwa kuchagua ipi.

Jumatatu asubuhi Royce Beecham, aliyewahi kuuza matrekta, aliingia jikoni bila kubisha.

"Bi Verna, usihangaike. Nimeshakuchagulia."

"Nani kakutuma?"

"Ya manjano, kama yangu. Dada yangu, ile mashine ukiishika hutaki kuiacha. Inakwenda kama maji."

"Simu ikilia katikati ya kazi, je?"

"Usipokee."

"Wanakwaya wakibisha hodi?"

"Usifungue."

"Royce, hiyo ni mashine au ni ndoa?"

Royce alikunywa kahawa yake akaondoka, na hakuwa amefika barabarani shemasi Harlan Tuttle alipoegesha gari. Harlan alikuwa mrefu, mkavu, na hata akiagiza soseji alitumia sauti ya mazishini. Mashine yake ilikuwa ya kijivu, na alikuwa ameifungia mota ili asivute wenzo kabisa.

"Mia tisa kwa saa, Bi Verna," alisema kwa unyenyekevu.

"Mia tisa! Napigana na nani?"

"Akiba ni jambo jema."

"Na ikikwama nitajuaje?"

"Ina king'ora."

"Kinalia vizuri?"

Harlan aliangalia kofia yake. "Nilikizima. Kilikuwa kinanipigia kelele."

Wiki ile hakupata raha. Mmoja akitoka, mwingine anaingia. Na kwa kuwa Royce na Harlan hawakuelewana tangu walipogombania rangi ya choo cha kilabu, kila mmoja alikuja kumwonya dhidi ya mashine ya mwenzake kama anayemwonya binti dhidi ya mchumba mlevi. Alhamisi Bi Verna alichoka. Aliwapigia simu wote wawili, akasema Jumamosi asubuhi waje na mashine zao, wazifunge kwenye meza ya gereji, na kila mtu ajaze risasi hamsini mbele ya macho yake. Kutakuwa na pai ya pichi.

Walikuja, na nyuma yao akaja Everett Nix, kinyozi wa mji. Everett alikuwa kinyozi wa ajabu: alinyoa kichwa kizima bila kutoa neno, na kuna wateja waliompenda kwa hilo tu. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesikia habari ya pai. Chini ya kwapa alibeba kimashine kidogo chenye kutu pembeni, na taa ndogo iliyofungwa kwa waya.

"Hicho nacho?" Royce alicheka. "Unajazia risasi za panya?"

Everett alikaza bolti zake.

Bi Verna aliinama akatazama. Nafasi ya tatu kwenye sahani haikuwa na chombo chochote juu yake. Taa ilimulika hapo tu.

"Hapa mbona patupu?"

"Pa macho," alisema Everett.

Wakaanza. Mashine ya Royce ilidunda, mota ya Harlan ikanguruma, Everett akavuta, akachungulia baruti ndani ya ganda, akavuta, akachungulia, kama mtu anayepima usingizi wa mtoto. Wenzake walipofika thelathini, yeye alikuwa kumi na mbili. Hapo ndipo Bi Verna alipokwenda jikoni akarudi na pai ikitoa moshi. Hakuwaambia kwamba huo ndio mtihani wenyewe.

"Royce, hivi lile trekta la akina Oglesby lilikuwaje?"

Swali hilo Royce hajawahi kuliacha lipite. Alisimulia kwa mikono yote miwili, na kila mkono mmoja uliporudi kwenye wenzo, ulisahau ulipokuwa umefikia. Akairudisha sahani nyuma, akavuta tena. Ganda lililokwisha kupata baruti likapewa nyingine. Ikafurika kama uji, ikamwagika mezani.

"Royce."

"Subiri, sijafika kwenye mto."

"Royce, tazama mkono wako."

Upande wa pili, Harlan alikuwa amekabidhiwa sahani ya pai. Hakuwa mtu wa kula bila kushukuru. Alifumba macho, akaanza kuwashukuru wakulima wa pichi, akapita kwa wagonjwa wa usharika, akafika kwa wamisionari walioko mbali. Mota iliendelea kunguruma. Kopo la baruti juu yake lilikuwa limekauka tangu alipowataja wagonjwa, na risasi ziliendelea kudondoka bakulini, ting, ting, ting, nzuri za kupendeza, tumboni hamna kitu.

"Amina," alisema Harlan.

"Amina," alijibu Bi Verna. "Sasa niambie zipi zina baruti."

Harlan aliinamia bakuli, akazipekua. Wote walijua risasi isiyo na baruti huweza kukwama katikati ya mtutu, na ile yenye baruti mara mbili huweza kuondoka na vidole.

Alimgeukia kinyozi. "Everett, kahawa au chai?"

Everett aliachia wenzo. Alitoa maganda yote kwenye sahani, akarudisha baruti kwenye kopo, akafuta mikono.

"Kahawa."

Alimaliza hamsini zake mwisho kabisa. Pai ilikuwa imekwisha, isipokuwa kipande ambacho Bi Verna alikificha ndani ya jiko.

Jumatatu aliagiza mashine kama ya Everett. Kwenye kilabu, Royce aliwaambia watu kwamba ndivyo alivyomshauri tangu mwanzo. Harlan alisema ni kweli, hata yeye alimshauri hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu habari ya choo.

Everett alikuja kuifunga, akainyanyua meza kwa vipande vya ubao mpaka bega la Bi Verna likaacha kulalamika. Siku iliyofuata mama huyo alivuta wenzo huku akiimba, akichungulia baruti kila mara bila kukosea hata ganda moja, mpaka bakuli likajaa. Ndipo akaokota risasi moja, akaigeuza kutazama kitako.

Fataki zilikuwa zimelala kifudifudi. Zote. Alikuwa amepindua kisahani cha fataki tangu mwanzo, na fataki iliyopinduka haiwaki.

Hakuna njia ya mkato: kila risasi inatiwa ndani ya nyundo ya plastiki yenye tundu, na nyundo inagongwa chini mpaka kichwa cha risasi kichomoke. Royce alisikia ngo, ngo, ngo, akasimamisha gari.

"Bi Verna, unajenga?"

"Nabomoa."

Royce alipoelewa, uso wake uling'aa kama siku ya mavuno. Baada ya nusu saa Harlan naye alipita kutoa pole, kwa ile sauti yake, akakaa muda mrefu kuliko pole inavyohitaji.

Everett alikuja wa mwisho, na nyundo yake mwenyewe. Aligeuza ndoo, akakaa, akaanza kugonga.

"Ngapi?" aliuliza.

"Mia na sita." Bi Verna hakutaka kumtazama.

Everett aligonga tena mara tatu. "Mimi mwaka wa kwanza zilikuwa mia tatu na arobaini," alisema, "na sikuona mpaka nilipofika uwanjani, mbele ya watu wote, na mkwe wangu alikuwepo."

Hakuna mtu Pell Hollow aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Bi Verna alicheka mpaka akaweka nyundo chini.