Harusi Isiyokuwamo Kitabuni

Siku yangu ya kwanza kazini, Thika, Mkuu wa Idara ya Kiswahili alinikabidhi chaki, daftari la maazimio ya kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, na onyo. "Mwalimu wa fasihi haambii darasa kwamba hajui. Ukisema hivyo mara moja tu, umekwisha." Ninyi mnaoanza ualimu leo mtaambiwa vivyo hivyo. Mimi nililishika onyo hilo kama sala, na ninalijutia.

Nilihamishiwa shule ya wasichana ya Ruiru mvi zikiwa zimeanza kunitoka. Kitabu teule, kile ambacho watahiniwa wote hutahiniwa juu yake, kilikuwa riwaya kongwe ya mapenzi. Binti anachumbiwa na karani wa reli, karani anahamishwa, binti anamngoja miaka. Nakala zilirithiwa darasa kwa darasa, wasichana watano kwa moja, na kitabu cha kurithiwa huanza kufa kutoka nyuma. Hata nakala yangu iliishia binti akiwa stesheni, treni ikisikika kwa mbali. Mwisho sikuwa nimeusoma. Niliona haya kuazima kitabu shule jirani, mwalimu mzima na uzoefu wangu wote.

Basi filamu ya riwaya hiyo ilipotoka, nilimshukuru Mungu. Mwalimu Mkuu alikubali upesi. "Waonyeshe, bora wapite," alisema. Tulitundika shuka kwenye ukuta wa bwalo. Mama wa binti, ambaye kitabuni hatabasamu hata mara moja, kwenye filamu alikuwa mcheshi, na barua ndefu za karani ziligeuzwa nyimbo. Mengine yalifuata kitabu. Kisha treni ikasimama, karani akashuka, wakaoana, na wasichana wakapiga vigelegele.

Wambui aliinua mkono. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa darasa, na alitaka sana kuwa mwalimu.

"Mwalimu, hata kwa kitabu wanaoana?"

"Ndiyo," nilisema. "Andikeni hivyo."

Swali la mtihani likatoka mle mle mwishoni. Darasa zima liliandika harusi. Matokeo yalipokuja, Wambui alikuwa amekosa chuo kikuu kwa alama moja. Hapo ndipo nilipotafuta nakala nzima, nikaisoma nimesimama dukani. Kitabuni treni inasimama, watu wanashuka, karani hayumo. Binti anarudi nyumbani na kumpikia mamake.

Gwarideni, mbele ya shule nzima, Mwalimu Mkuu aliwalaumu wasichana wale waliomaliza kwa uvivu wa kusoma. Nilisimama nyuma yake, nikanyamaza. Nilinyamaza hivyo hadi nikastaafu.

Sasa naishi Gatongora, papo hapo Ruiru, na Wambui ana kibanda cha mboga karibu na lango letu. Hunichagulia sukuma laini na kuniita Mwalimu mbele ya wateja, na kila mara moyo huniuma. Mwezi uliopita nilimpelekea kile kitabu kizima. Alifuta mikono kwenye leso, akasoma kurasa za mwisho akiwa amesimama, kama nilivyosoma mimi.

"Kumbe hakurudi," alisema.

"Hata mimi sikuwa nimeusoma mwisho, Wambui. Niliwadanganya."

Alikifunga kitabu.

"Si ungesema tu hujui, Mwalimu? Sisi tungetafuta."