Watoto wa Ndirangu

Haya ni mambo ambayo mtu mwenye akili angeyanyamazia, lakini akili yangu mnaijua, kwa hivyo nitasema tu, na mkitaka kunicheka nichekeni hapa mwanzoni kwa sababu huko mbele hakuchekeshi.

Mnakumbuka nilivyokuwa nikiimba kantri, ule muziki wa Wamarekani, kwenye mgahawa mmoja wa Oud Metha, kofia pana, buti za ngozi katika joto la Dubai (miguu ikiiva humo ndani kama mahindi), mpaka koo likaharibika na daktari akaniambia niache. Nikageuka mtunzi. Wakenya wakiwa na harusi wananipigia, wakiwa na msiba wananipigia. Ndipo Wambui, mlinzi aliyefanya kazi na marehemu Ndirangu, akaniomba wimbo wa kumuaga kwenye maombi, kabla mwili haujasafirishwa kwenda kwao Nyahururu. Nilikuwa nimechoka. Nikachukua wimbo niliomtungia marehemu mwingine mwaka uliopita, nikabadilisha jina, sikusoma zaidi, nikamtumia. Ndirangu mwenyewe sikumjua hata kwa sura.

Tukakusanyika kwenye nyumba moja mtaa wa Discovery Gardens, sebule imejaa, na mama yake Ndirangu anafuatilia kutoka nyumbani kwa simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Wambui aliimba vizuri, watu wakalia, na mimi (Mungu anisamehe) nikajiona fundi, hadi ubeti wa tatu: "Mwanao na bintiyo wanauliza, baba atarudi lini."

Watoto hao walikuwa wa yule marehemu wa kwanza. Ndirangu hakuwa na mtoto. Wambui alidhani najua asilolijua yeye, akaendelea kuimba, na kule kwenye simu mama akaacha kulia.

"Ana watoto?" akauliza. "Wawili? Wako wapi?"

Chumba kizima kikanigeukia. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Tutaongea, mama," na mchungaji akamshukuru Mungu kwa uzao wa Ndirangu, nami nikaitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Mama alinipigia siku tatu mfululizo, anataka tu kusikia sauti zao, nami sishiki simu. Wambui ndiye aliyenibana.

"Unamtesa mama wa watu," akasema. "Mpigie leo, khalas, yaishe."

Nikampigia. Nikamweleza yote, wimbo wa mtu mwingine, uvivu wangu, amina yangu. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, na Ndirangu alikuwa mtoto wake wa pekee.

"Kijana wangu," akasema, "nilishaenda kwenye kaburi la mzee wangu nikamwambia jina lake limerudi. Sasa nitamwambiaje?"

Tangu siku hiyo kutunga natunga, lakini wimbo wa msiba siandiki tena kabla sijakaa na wafiwa nikauliza marehemu amemwacha nani, na wakiniambia hakuacha mtu, naandika hivyo hivyo.