Kaniki Nyuma ya Ua

Siku ya kwanza kazini nilipewa kamera, stendi ya miguu mitatu na kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi. Kamera niliielewa. Kaniki nikadhani ni ya kufutia vumbi, nikaanza kufuta. Mpiga Picha Mkuu wa kitengo chetu cha mimea, mzee mkali mwenyeji wa Mlalo, akaninyang'anya.

"Wee binti! Hiyo inatandikwa nyuma ya ua, ndipo upige."

Ninyi mnaobofya simu tu, sikilizeni. Okidi nyingi za milima yetu huota juu ya matawi, mizizi ikining'inia hewani. Haziunyonyi mti, zimepanga tu. Vuli ikinyesha zinachanua, nasi tulipanda msituni kuzipiga picha za kumbukumbu. Kaniki ilifanya ua lionekane vizuri, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuficha mahali. Wapo watu wanaozing'oa pamoja na magome wakaziuze. Ukiwaonyesha jabali, paa la nyumba au bonde, umewaelekeza njia. Kwa hiyo tulipiga ua, mti hatukuupiga.

Nilipohamishiwa upande wa Mtae nikakuta ua moja jeupe juu ya mti wa mkulo, ukingoni kabisa mwa genge, nyika yote ikionekana chini. Sijaona jingine kama lile mpaka leo. Nilikaa chini nikasema Alhamdulillahi.

Nikampelekea Meneja wa kitengo picha. Akaigeuzageuza.

"Mama Zaina, ua nalo umelipiga picha ya pasipoti? Mimi nataka ya kalenda. Rudi, toa hilo tambara, nyika ionekane."

"Shikamoo bwana," nikamwamkia mara ya pili, maana mimi hasira ikinipanda huanza na adabu. "Nyika ikionekana, ua halitaonekana tena."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana bwana. Nakataa tu."

Basi, nikateremshwa Mnazi, huko chini nyikani, kupiga picha mifereji ya umwagiliaji. Joto, mbu, na okidi hakuna. Mifereji ile niliipiga kwa chuki, sisemi uongo.

Aliyeshika nafasi yangu hakujua njia ya kwenda kwenye ua jeupe, nami sikumwelekeza. Akapiga jingine, la manjano, juu ya Mlalo, paa la kanisa likionekana wazi nyuma yake. Kalenda ikatoka, ikapendwa, ikatundikwa maofisini. Vuli iliyofuata tukaambiwa mti umechunwa, hata kichipukizi hakikuachwa.

Meneja alikuja Mnazi mwenyewe, viatu vimejaa vumbi. Hakuomba radhi, wakubwa wa wakati ule hawakuwa na neno hilo.

"Kaniki yako unayo?"

"Ninayo, bwana."

"Basi panda juu."

Wallahi nilitaka kumcheka, nikajikuta nalililia lile la manjano.

Huko juu nilifanya kazi mpaka nikastaafu. Sasa magoti yamegoma, lakini kila vuli najikokota mpaka kwenye mkulo wangu. Msiniulize ni njia ipi, nimeshasema mengi mno. Siku hizi picha napiga kwa simu, na ile sehemu ya simu inayotaja mahali naizima kwanza. Kaniki ni ileile.

Picha namtumia Meneja, naye alishastaafu zamani. Mvua zikianza tu, ananipigia: "Mama Zaina, pasipoti yangu iko wapi?" Tunacheka, tunaulizana hali za wajukuu, yameisha.

Mwaka huu sauti yake ilikuwa dhaifu. Picha aliipata, lakini akapiga tena jioni ileile.

"Mama Zaina, vuli nyingine sijui kama nitaiona. Niambie basi, ua liko wapi?"

Yule mzee nampenda, na roho iliniuma.

"Shikamoo bwana," nikamwambia. "Lipo."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Marahaba," akasema. "Hivyohivyo. Asikudanganye mtu."