Mtoto Wangu wa Kwenye Kodi

Barua ya idara ya kodi ya jimbo niliifungulia jikoni kwangu Brooklyn Center, huku ughaibuni, bado nimevaa sare ya kazi. Walidai kodi ya mapato ya miaka niliyokuwa nimeisahau kabisa, ya wakati nilipoishi kwenye fleti kule mji wa Crystal, na riba na adhabu zilikuwa zimeshalipita deni lenyewe. Barua za kwanza zilikwenda kwenye fleti hiyo, nami nilikuwa nimehama. Nisipojibu, wangeanza kukata mshahara wangu. Dawa ya deni ni kulipa, hilo sibishi. Kilichonichoma ni sababu: miaka hiyo nilipunguziwa kodi kwa ajili ya mtoto, na wao hawakuona dalili yoyote kwamba nina mtoto.

Mtoto ninaye. Ni wa mdogo wangu, aliyefariki akamwacha hata shule hajaanza. Sikwenda kuzika, maana karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa za kutoka na kutorudi. Baada ya matanga wazee walinipigia simu wakasema, "Mama mkubwa ni mama. Huyu sasa ni wako." Sikuuliza swali. Kwetu hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo mwenzetu aliyekuwa akitujazia fomu za kodi kwenye besimenti, chini ya kanisa, aliponiuliza, "Dada, kids ni wangapi?" nilimjibu, "Mmoja, msichana." Hakuniuliza anaishi wapi, na mimi sikuona kwamba kuna la kuulizwa. Kitanda chake nilikuwa nimeshanunua. Nilijaribu kila njia ya kumleta, na kila ubalozi ulipomkatalia nilituma karo na viatu, nikamwambia kwenye simu, "Mwaka ujao, Mungu akipenda." Yeye akaitika, "Sawa, Mama." Nilifanya zamu mbili mbili nikigeuza wazee wa watu vitandani, na nikichoka najiambia nina mtoto wa kusomesha. Wanasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nilidhani nalea.

Nikapiga simu idarani. Aliyepokea alikuwa mpole, nikakosa hata wa kumgombeza, na hasira niliyokuwa nayo ingetosha mtaa mzima. Alinieleza kwamba kama mtoto aliishi nami zaidi ya nusu ya mwaka, nitume karatasi ya shule au ya kliniki. Kama hakuishi nami, niandike hivyo, niombe nipunguziwe adhabu. Nikamwambia ninazo risiti za karo. Akasema karo haihesabiki, wanachouliza ni mtoto alikuwa akilala wapi.

Nikampigia msichana. Siku hizi ni mtu mzima, anafanya kazi Nakuru. Nilijua karatasi za kule hazitanifaa kitu. Nilitaka tu moja yenye jina langu.

"Zile ripoti zako za shule bado unazo? Pale pa mzazi si waliandika mimi?"

"Waliandika nyanya. Si yeye ndiye alikuwa anakuja siku ya wazazi?"

"Na karo je?"

"Karo ilikuwa inatoka kwako, na nashukuru sana. Lakini nilikungoja, nikakungoja, halafu nikaacha. Sisemi kwa ubaya."

Nikamweleza barua inavyotaka, kwamba pengine itabidi niandike hatukuwahi kuishi pamoja. Nilitumaini ataudhika. Nilitumaini atasema nisithubutu.

"Si uandike tu ukweli, Anti," akasema, kwa upole kabisa.

Hakuwahi kuniita hivyo. Nadhani hata yeye hakujisikia akilitamka. Nikaendelea kuongea, nikamuuliza habari za mvua, za kazi, za miguu ya nyanya yake, nikamuaga vizuri. Kisha nikakaa sakafuni nikalia kama mtu aliyefiwa. Nilitamani angalau mtu mmoja abishe hodi aniletee chai, lakini ungemwambia nini huyo mtu? Kwamba mtoto mzima wa afya, mwenye adabu, amepokea simu yangu?

Asubuhi, kabla ya kwenda zamu, niliandika maelezo yangu. Niliomba nilipe kidogo kidogo, nikaomba adhabu ipunguzwe. Nikaandika kwamba mtoto huyo hakuwahi kuishi nami hata siku moja. Hilo ndilo walilotaka kujua. Nikaongeza sentensi moja ambayo hakuna aliyeniuliza, kwamba yule si mwanangu, nikatia sahihi.